Zamu ya Mahunga

Moshi ndio uliomharibia Twilumba Mahenge mchana wake.

Alikuwa amesimama barazani mwa kituo cha Lango, kikombe cha uji mkononi, akilitazama bonde la magharibi kama alivyolitazama kila siku tangu mwezi wa sita uingie. Bonde hilo lilikuwa la kijiji cha Mahunga, na Mahunga ilitakiwa iwe tupu. Mwaka huu zamu ya baridi ilikuwa yao. Watu, ng'ombe, kuku na hata paka walikuwa wamekwishateremka kambini, kule chini tambarare kwenye mashamba ya mpunga, na hawakutarajiwa kurudi mpaka mwezi wa nane uishe. Kijiji kisicho na mtu hakipiki. Lakini moshi ulikuwa unapanda kutoka Mahunga, tena haukuwa moshi wa mtu mmoja aliyerudi kuchukua jembe alilolisahau. Ulikuwa moshi mpana, wa mafiga mengi, moshi wa kupikia halaiki ya watu.

Twilumba aliuweka uji juu ya ukuta, ukapoa hapohapo. Kule juu uji haukai moto hata ukiubembeleza.

Aliingia ndani kutazama kioo cha mashine. Kioo kilimwambia kilekile kilichomwambia asubuhi: Mahunga, kimefungwa. Maana yake ni kwamba mwenyekiti wa kijiji, Mzee Otmari Luvanda, alikuwa ameweka dole gumba lake kwenye kitambuzi na kula kiapo kwamba hakuna roho iliyobaki bondeni. Mashine iliamini dole. Mashine haina pua ya kunusa maharage yanayochemka; ukiiambia hakuna mtu, basi hakuna mtu.

Wageni wanaotoka kwenye joto hudhani minara ya Lango inatengeneza joto. Haitengenezi kitu. Baridi ya safu za Kipengere ni nzito. Jua likizama inateremka milimani kama maji, inajaa mabondeni, na alfajiri inaacha sakitu, ule unga mweupe wa barafu juu ya majani, ambayo jua likiyapiga hugeuka meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Hewa ya uvuguvugu hubaki juu vileleni, haina kazi. Mabawa ya minara huivuta hewa hiyo na kuisukuma katika bonde moja, na baridi ya bonde hilo, ikikosa pa kukaa, humwagikia bonde la pili kupitia pengo lililo baina ya vilele viwili, pale ilipojengwa minara ya Lango. Ni sawa na kufagia nyumba ya vyumba viwili ambayo haina mlango wa nje: takataka haziishi, zinahamia chumba cha jirani.

Ndiyo maana kukawa na zamu. Mwaka huu Nyamande, kijiji cha Twilumba katika bonde la pili, wanalima na Mahunga wanapokea baridi. Mwakani kinyume chake. Anayelima anamlisha anayepokea. Vijiji viwili vilikuwa vimekula viazi kwa mpango huo tangu upite Mwaka wa Gololi, mwaka ambao Lango lilikuwa bado halijajengwa na sakitu ikayapiga mabonde yote mawili. Viazi vya mwaka ule vilichimbwa vikiwa vidogo kama gololi za watoto. Twilumba alikuwa msichana wa darasa la tano. Alimwona mdogo wake Eliuta, aliyekuwa bado ananyonya, akinyamaza kidogo kidogo mpaka siku moja hakulia kabisa. Tangu hapo hakuna mtu aliyehitaji kumfafanulia umuhimu wa Lango, na walipotafuta mlinzi wake alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Sasa macho yake yalirudi kwenye utabiri wa usiku huo. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri pale Mahunga, baridi ya mabonde mawili ikiwa imerundikwa katika moja. Hakuwahi kuiona namba kama hiyo. Katika kijiji kitupu ingepasua mabomba, basi. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Aliinua simu ya upepo.

"Mahunga, Mahunga, hapa Lango. Mzee Luvanda, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Sauti iliwahi mno, sauti ya mtu aliyekuwa ameikodolea simu macho. "Habari za huko juu?"

"Nzuri, baba. Uko kambini?"

"Niko... niko na watu wangu."

"Naona moshi kijijini."

"Aa, hao ni vijana. Kuna ng'ombe alipotea, wamekuja kumtafuta. Wanaota moto kidogo. Jioni wanashuka."

Nyuma ya maneno yake kulikuwa na sauti za wanawake, nyingi, zikiimba taratibu ule wimbo wa kanisani ambao hauimbwi harusini.

"Baba," alisema Twilumba, "ng'ombe mmoja amepotea, ndiyo anaombolezewa na kwaya nzima?"

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema Mzee Luvanda. "Lango litazame huku kama kawaida. Mahunga tunapokea." Akaikata.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Lango hugeuzwa kabla jua halijazama. Baada ya hapo uzito wa baridi huyabana mabawa na hakuna mkono wala mota inayoweza kuyatikisa hadi asubuhi. Kuliacha nusu kwa nusu haikuwezekana pia. Lilijaribiwa hivyo mara moja, upepo ukavunja mabawa mawili. Na kuizima minara yote ilikuwa ni kurudi enzi za kabla ya Lango: viazi vya Nyamande vingekufa vilevile, na Mahunga wangeganda kidogo pungufu. Twilumba aliwasha pikipiki ya betri, akafunga skafu mpaka puani, akateremka upande wa moshi.

*

Alikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti na kijiji kizima kikiwa chini yake.

Walikuwa wamerudi wote. Wazee waliojikunja kwenye mabenchi, akina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi wakichanja vijiti vya uzio kwa sababu kuni hazikuwapo. Kuhama kwa zamu ni kuhama kweli: kila mwaka wa kupokea, watu wa Mahunga hung'oa milango na madirisha ya nyumba zao na kwenda kujengea vibanda kambini, na magodoro na mablanketi huenda nayo. Nyumba zilizowazunguka waombolezaji zilikuwa wazi. Milangoni mwa baadhi ya nyumba hizo mlikuwa mmetundikwa magunia.

Mwanamume aliyekuwa akigawa chai alimwambia kilichotokea bila kuulizwa. Bibi Esnati, mke wa mwenyekiti, alikuwa amekufa kambini kwa kichomi. Mtu wa Mahunga hazikwi tambarare, kwa hiyo walimpandisha nyumbani usiku kucha kwa mabega, na kijiji chote kikafuata jeneza. Binti yake mkubwa alikuwa njiani akitokea Dodoma. Wangezika kesho. Leo wangelala matanga.

"Mtalala wapi?" Twilumba aliuliza.

"Wanawake ndani na marehemu. Sisi hapahapa nje, kama kawaida ya msiba."

Twilumba aliingia ndani, akapiga magoti penye jeneza, akawapa mkono wafiwa mmoja mmoja. Kisha akamwomba Mzee Luvanda watoke kidogo. Walisimama nyuma ya zizi tupu. Mzee alikuwa amevaa koti la suti juu ya sweta mbili, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa."

"Kwa nini hukuniambia? Ungeweka dole tu, ukafungua kijiji. Kioo kingejua mpo."

"Kikishajua, ni nini kinachofuata? Unawapigia Nyamande kuwaomba watupokelee." Alitema mate pembeni. "Unaukumbuka ule mwaka wa harusi ya kijijini kwenu?"

Nani asingeukumbuka! Nyamande walikuwa wakipokea, na vijana wao wawili wakaona hawawezi kusubiri mwezi wa nane. Kijiji kikapanda kurudi kucheza harusi, baridi ikawabana, wakawaomba Mahunga wawabebee usiku mmoja. Mahunga waliwabebea. Maua ya maharage yao yalipukutika. Hawakudai fidia, walidai kicheko, na walikuwa wanakidai hadi leo. Hakuna mtu wa Nyamande aliyekwenda sokoni asiimbiwe *Nyamande leta shuka, bibi harusi anatetemeka*. Twilumba mwenyewe aliimbiwa siku aliyokabidhiwa ufunguo wa Lango, mbele ya mkuu wa wilaya.

"Sasa na sisi leo tulilie shuka?" alisema Mzee Luvanda. "Kwa watu walewale?"

"Ndiyo. Lieni. Mtaimbiwa, basi. Wimbo hauui."

"Unajua aliyeutunga wimbo huo ni nani?" Alionyesha nyumba kwa kidevu. "Ni yeye. Alikuwa anachekea usingizini. Unataka nimwaibishe hata kabla sijamfukia?"

Twilumba alitamani kumtikisa mabega, na alitamani pia kumkumbatia.

"Baba, usiku wa leo si wa kawaida. Ni nyuzi kumi na mbili chini. Nyumba hazina milango. Wazee hawa hawataamka."

"Tumezaliwa na baridi."

"Na hii hamjazaliwa nayo. Shukeni basi kambini, sasa hivi."

"Tumwache peke yake? Na wenye miguu mibovu watafika lini, na giza linaingia?" Alitikisa kichwa. "Tulikaa kikao, mwanangu. Wote wamekubali kupokea."

"Na watoto? Walikaa kikao nao?"

Hapo Mzee Luvanda aligeuza uso. Aliporudi kuongea, sauti yake ilikuwa ya chini, bila kiburi, na hiyo ndiyo iliyomtisha Twilumba zaidi. "Sikiliza. Hata aibu ukiiweka kando. Mbegu ya mwakani ya vijiji vyote viwili iko ardhini Nyamande, haijakomaa. Ukiwapeleka baridi, umewapiga wao na umetupiga sisi. Hapa leo watakufa wazee wawili, watatu, labda mimi. Njaa itaondoka na wangapi? Wewe si ndiye unayemkumbuka Eliuta? Mimi nilimbeba kaburini, nilikuwa pamoja na baba yako. Alikuwa mwepesi kama kifaranga."

Alimwacha pale zizini, akarudi kwa waombolezaji wake.

Twilumba alishika nguzo. Mzee alikuwa amesema kweli, na ubaya wa kweli hiyo ni kwamba haikuwa nzima. Wazee wawili, watatu: aliwahesabu vipi? Alipochungulia chini ya turubai aliona watoto waliokuwa wamelala juu ya mikeka mitupu mchana huo huo, jua likiwa bado lipo, wamejikunja mpaka magoti yanagusa videvu. Njaa ilikuwa ni ya mwakani. Mwakani mtu anaweza kutembea, akaomba, akauza ng'ombe, akaazima mbegu kwa wajomba. Mtoto aliyeganda haazimi kitu. Lakini je, kama angekosea? Kama wajomba wasingekuwa na mbegu?

Hakuwa na ruhusa ya kuligeuza Lango nje ya zamu. Ruhusa ilitaka madole mawili ya wenyeviti wawili, na la kwanza lilikuwa limekunjwa ndani ya koti la suti, halitoki. Huyu mzee asingeomba. Ulikuwa umebaki mlango mmoja tu, nao ulikuwa wa mila, si wa mashine. Tangu Lango lijengwe, Nyamande na Mahunga walikuwa watani. Na mtani akifika msibani, hakatazwi.

Aliingia chini ya turubai kwa mwendo mwingine kabisa, mabega juu, akanyakua kofia ya Mzee Luvanda kichwani mwake na kujivika.

"Wafiwa!" alipaza sauti. "Wafiwa msio na adabu! Mmemwua Esnati kwa uchoyo, sasa mnataka kumzika kwa siri ili watani wake tusile maharage?"

Vichwa viliinuka. Mtu mmoja alicheka bila kutaka. Msiba ule ulikuwa umekaa tangu alfajiri bila mtani hata mmoja, na msiba usio na mtani unawakaa watu kifuani kama ugali mbichi.

"Mtani huyo amefika!" alijibu bibi mmoja kutoka mlangoni. Alikuwa Bi Orida, dada mkubwa wa mwenyekiti. "Karibu, mla viazi vya wenzio!"

"Sikaribii, nimekuja kupora." Twilumba alipiga teke sufuria tupu, ikabiringika, watoto wakaamka. "Nilitaka kuchukua kuku, mmewaacha kambini. Nilitaka mablanketi, hamna. Maskini gani nyie? Nimetafuta kitu cha thamani hapa Mahunga nikakuta kimoja tu. Baridi. Mnayo ya leo, kubwa haijapata kuonekana, na mmekaa kuila wenyewe kimyakimya. Basi naichukua. Baridi yote ya usiku huu ni mali yangu."

Kicheko kilikatika. Walimwelewa wote kwa pamoja.

"Mtani," alisema Mzee Luvanda polepole, "hicho si kitu cha kuchukuliwa."

"Otmari!" Bi Orida alifoka. "Mtani anakatazwa msibani tangu lini?"

Mzee alitazama watu wake. Kukataa kungekuwa kosa kubwa kuliko kuomba. Hata watoto walilijua hilo. Lakini naye hakuwa mjinga, na mila ina milango miwili. "Sawa," alisema. "Umechukua. Na sisi tunakomboa, ni haki yetu. Taja bei. Ng'ombe? Nitakupa ng'ombe, urudishe."

Twilumba alikuwa ameliogopa jambo hilo tangu alipovaa kofia. Mtani akishalipwa bei aliyoitaja, hurudisha. Alilitazama jeneza kupitia mlango ulio wazi, akatamka jambo ambalo kwa mdomo mwingine wowote lingekuwa tusi.

"Bei yangu ni Esnati. Mtoeni humo ndani akae hapa kwenye benchi, aniimbie ule wimbo wake mpaka mwisho. Akimaliza, nawarudishia baridi yenu."

Bi Orida alijipiga paja, akaangua kicheko kilichogeuka kilio katikati yake, na turubai zima likamfuata, wakicheka na kulia bila kujua lipi ni lipi. Mzee Luvanda alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika. Alipoondoa mikono alikuwa amelowa mashavu.

"Hatuwezi bei hiyo," alisema. "Ondoka nayo."

*

Akipanda kurudi kituoni Twilumba alijua kwamba amefanya nusu tu, tena nusu rahisi. Utani ulimpa haki ya kuchukua. Haukumpa haki ya kuupeleka mzigo ule popote.

Alimpigia Yusta Tweve, mwenyekiti wa Nyamande, akamweleza yote bila kuficha.

"Hapana," alisema Mama Yusta.

"Mama, wako nje. Wana watoto."

"Nimekusikia, Twilumba. Nawaonea huruma, Mungu anajua. Laiti wangeniambia asubuhi, ningewapelekea mablanketi na lori la kuni. Sasa hivi lori liko mjini. Wamejificha wenyewe kwa kiburi chao, na wenyewe wamesema wanapokea. Nani amekuita?"

"Walitupokelea sisi, mwaka wa harusi."

"Ile ilikuwa baridi ya paka! Walipoteza mboga. Sisi unatuomba mbegu. Utani ni wa kuku na sufuria, mwanangu, haujawa wa njaa. Umewapora wao, haya, ni haki yako. Nani amekupa haki ya kutuletea sisi?"

"Hakuna, mama," alisema Twilumba.

"Basi usithubutu." Halafu, kwa sauti iliyopungua ukali, "Wewe ni mtoto wetu. Usitufanyie hivyo."

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha jembe juu ya mlima. Kioo kilikuwa kikiuliza swali lake la kila jioni, kwa herufi zake za kijani: Elekeza Mahunga? Alichotakiwa kufanya kilikuwa kubonyeza ndiyo, au kutobonyeza kitu kabisa, kwani Lango lilikuwa linatazama Mahunga tangu mwezi wa sita na lingeendelea kutazama huko bila msaada wake. Angeweza kukaa kwenye kiti. Hakuna mtu ambaye angemlaumu mlinzi aliyefuata zamu. Kesho angevaa kanga nyeusi akaenda kuzika, angewahurumia, na Nyamande wangemwita mwenye busara.

Alikwenda chumba cha nyuma. Huko palikuwa na usukani wa chuma, wa mafundi, wa kugeuzia Lango wakati wa matengenezo. Usukani haukuuliza madole ya mtu. Aliushika, akausukuma kwa mikono yote miwili, haukwenda. Alisikia hofu yake ikimwambia: umeona, haiwezekani, kaa. Akaweka mguu ukutani, akauvuta badala ya kuusukuma, na ule usukani ukalia, ukazunguka. Juu ya paa mabawa ya Lango yalianza kugeuka, moja baada ya jingine, yakiipa Mahunga mgongo.

King'ora cha Nyamande, cha kutangaza kwamba baridi inakuja, kilianza kulia bondeni. Hakikuwahi kulia katika mwaka wa kulima.

Simu ya upepo ilikoroma. Haikuwa Mama Yusta. Alikuwa Jairosi, mume wake, anahema.

"Twilumba! Unasikia king'ora? Watu wanasema mashine imeharibika. Wanasema Lango limejigeuza."

"Mwenyekiti yuko hapa," aliendelea Jairosi, akishusha sauti. "Ananitazama. Amesema nikuulize wewe, na atakachosikia kutoka kwako ndicho atakachowaambia watu. Ni mashine, sivyo? Mashine huwa zinaharibika. Hakuna atakayekuuliza zaidi. Sema tu."

Ilikuwa zawadi, na Twilumba aliijua ilikotoka. Mama Yusta alikuwa anampa mtoto wa kijiji mlango wa kutokea. Angeendelea kuishi Nyamande, angesalimiwa kisimani. Lakini watu wanaoamini kwamba Lango linajigeuza lenyewe hawatahama tena zamu yao ikifika. Nani atang'oa mlango wa nyumba yake kwa ajili ya mashine yenye wazimu? Na zamu ikifa, ni Mwaka wa Gololi kila mwaka.

"Si mashine," alisema. "Ni mimi. Mwambie mama awaambie watu ni mimi, na kwa nini."

Alisikia pumzi ya Jairosi. Alisikia king'ora mara mbili, kimoja simuni na kimoja nje ya dirisha.

"Shamba letu ndilo la kwanza chini ya Lango," Jairosi alisema.

"Najua."

"Najua unajua." Kisha akakata simu.

Hapakuwa na kazi nyingine pale. Jua lilizama, mabawa yakakazwa na baridi, na hata angetaka kujuta asingeweza. Twilumba alichukua blanketi la kituo na shuka mbili za kitandani, akazifunga nyuma ya pikipiki, akateremka upande wa nyumbani.

*

Nyamande yote ilikuwa vinyunguni, kwenye yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa mto. Watu walikuwa wanafunika matuta kwa kila kitu: majani makavu, magunia, mikeka, nguo za kanisani, mapazia. Walikuwa wakifanya kazi bila kelele, kwa haraka. Twilumba alipopita kwa miguu kati yao hakuna aliyemsalimia. Mwanamke mmoja aliyesoma naye shule alisimama, akamtazama, akafungua kinywa, akainama tena kwenye majani yake. Hilo lilimuuma kuliko tusi.

Baridi ilikuwa imeshaanza kumiminika. Aliihisi visiginoni kwanza, kisha magotini, kama mtu anayeingia mtoni. Viazi vilikuwa na majani mabichi, manene, yenye afya, ya kutamanisha. Alijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba mablanketi yangeokoa pembe moja ya shamba na pembe nyingine ingelala nyeusi asubuhi.

Jairosi alikuwa kwenye tuta la mwisho, akiwa na blanketi zito la harusi yao ambalo mtu mmoja hawezi kulitandaza peke yake. Alimwona akija.

"Nina hasira na wewe, Twilumba," alisema. "Nina hasira sana. Shika upande ule."

Aliushika. Walilinyoosha blanketi juu ya majani, wakalikandamiza pembeni kwa udongo. Vidole vya Twilumba vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

Kutoka shamba la jirani sauti ya Mama Yusta ilipaa, kavu, ikimwambia kila mtu.

"Sikilizeni! Mkimaliza kufunika, kila nyumba itoe bakuli moja la unga na fungu la kuni. Kesho asubuhi tunakwenda Mahunga kuzika."

"Unga upi, mwenyekiti?" mtu alifoka gizani. "Na mwakani tutakula nini?"

"Mwakani sijui. Msiba ni kesho." Kila mtu alijua anayegeukiwa sasa ni nani. "Na wewe Twilumba utatangulia mbele, ubebe bakuli kubwa kuliko la mtu yeyote. Tukishazika tutarudi hapa, tukae chini, na utatueleza mbele ya watoto wetu ulichowachagulia. Sitakutetea. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama," alisema Twilumba, akaivuta shuka ya kwanza kuifunika sehemu iliyobaki wazi.